Kiti cha Njano cha Alonzo Pettigrew

Alonzo Pettigrew alikuwa na kiti ambacho mtaa wetu ulikiheshimu kuliko mchungaji. Kilikuwa kiti cha jikoni, miguu ya chuma cha kung'aa, kikalio cha plastiki ya njano iliyopasuka na kuzibwa kwa gundi ya karatasi. Mguu mmoja ulikuwa mfupi, kwa hiyo ukikikalia kilikuyumbisha kidogo, kana kwamba kinakuuliza nani amekuruhusu.

Kazi ya kiti hicho ilikuwa ya majira ya baridi. Theluji nzito ikishaanguka, Alonzo alitoka na beleshi lake, akachimba mbele ya nyumba yake mpaka lami ikaonekana, akalitoa gari, kisha akakisimamisha kiti katikati ya ile nafasi na kwenda zake. Basi. Hapo hagusi mtu. Sisi wa Chicago tunaweza kuibiana hata magurudumu, lakini nafasi iliyochimbwa kwa mgongo wa mtu na kuwekewa kiti ni yake mpaka theluji iyeyuke. Haikuandikwa popote, na ndiyo maana inafuatwa.

Mwaka mmoja mgeni wa watu alikisogeza kile kiti akaegesha gari lake. Asubuhi alilikuta limefunikwa barafu ngumu, limenyamaza kama sanamu. Nilimuuliza Alonzo kama anajua lolote, akaniambia bomba lake la bustani linavuja. Bomba gani linalovuja kwa kwenda juu! Nikanyamaza, maana na mimi yule mgeni sikumpenda.

Mimi ni Dolores Mabry, jirani wa Alonzo na mkewe, ukuta kwa ukuta, upande wa kusini mwa mji. Mume wangu alipokuwa hai tulikuwa wanne wa kucheza karata kila Ijumaa. Alipofariki tukabaki watatu na ubishi wa watu wanne. Alonzo alikuwa fundi wa boila katika shule ya mtaani. Maisha yake yote alikuwa chini ya ardhi akiwapasha joto watoto wa wenzake, halafu akirudi nyumbani anazima joto la kwake ili kuonyesha kwamba baridi haimwezi. Ndivyo alivyo. Mkaidi, mwenye domo, na hana simile linapokuja suala la mji wake. Kwake yeye dunia ni Chicago na mahali pengine ni maelezo tu ya kwa nini watu hawakai Chicago.

Mkewe, Vernita, ndiye mpiga kinanda wa kanisa letu. Au alikuwa. Viungo vya vidole vyake vilianza kuvimba miaka ya karibuni, na kila baridi ikiingia vilimkaza kama mtu aliyevaa glavu za mtoto. Jumapili nyingine alipiga kwa mkono mmoja, wa pili ameuficha kwapani kuupasha moto, na sisi waimbaji tukaimba kwa sauti zaidi ili watu wasisikie ile nusu iliyokosekana. Alonzo alikuwa anaimba kwa nguvu kuliko wote, na hana sauti.

Kilichomaliza mambo ni ngazi. Mwezi wa pili Vernita aliteleza kwenye barafu mlangoni, akaenda chini mzima mzima. Mumewe akatoka mbio, akamwona, akapiga kelele, "Usijisogeze!" Kisha akarudi ndani. Alirudi kuchukua chumvi ya kuyeyusha barafu. Akainyunyiza ngazi yote, kwa utaratibu, juu mpaka chini, na nyingine ikamwangukia mkewe nyweleni, ndipo akamwinua. Kwa akili yake ilikuwa sawa: wangeanguka wote wawili. Lakini mwanamke aliyelala kwenye saruji akinyunyiziwa chumvi kama samaki hana muda wa kusikiliza akili ya mtu.

Ijumaa iliyofuata tulikuwa mezani, karata mkononi, Vernita mkono mmoja umefungwa bandeji.

"Alonzo," akasema, "mwezi wa pili mwingine hautanikuta hapa."

"Unakwenda wapi, mbinguni?"

"Houston. Kwa Claudine."

Claudine ni mdogo wake, aliyehamia kule zamani na kila mwezi wa kwanza hutupigia simu makusudi, kutuambia amekaa nje.

"Basi hujakosea sana," Alonzo akasema, "umekosea upande tu. Kule ni jehanamu yenye kiyoyozi."

"Vidole vyangu vinapenda jehanamu."

"Vernita, mama yangu hakupanda treni kutoka kusini na nguo moja ili mimi nirudi huko kwa gari."

Hilo halikuwa jambo la mchezo kwake. Mama yake, Hattie, alitoka Mississippi akiwa msichana, akaja Chicago kufua mashuka ya hospitali, na kwa mshahara wake wa kwanza alinunua meza ya jikoni na viti vinne vya njano, kwa sababu kule alikotoka alikuwa haruhusiwi kuketi jikoni mwa Wazungu alikopika. Viti vitatu vilikufa. Kilichobaki ndicho hicho.

Vernita akaweka karata zake chini, uso juu, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

"Mama Hattie alikimbia watu. Mimi nakimbia barafu. Watu wenyewe wamekufa, mume wangu, barafu ipo hapo mlangoni."

Alonzo akanitazama mimi. Nikatazama karata zangu, ambazo kwa bahati mbaya zilikuwa nzuri sana.

Wakakubaliana hivi: mwaka mpya ukipita watakwenda, watapanga kijumba karibu na Claudine, watakaa hadi Pasaka. Pasaka ikifika, Alonzo atasema neno lake.

"Nikisema hapana, tutarudi," akasema.

"Utarudi wewe," Vernita akamjibu. "Mimi nitabaki."

Hakupandisha sauti. Alonzo hajui hata yai linachemshwa upande gani. Lakini hakuwa anawaza mayai, nilimwona. Alikuwa anautazama ule mkono wenye bandeji.

Nami sitazunguka: moyoni nilikuwa upande wa mume. Ningebaki na nani? Nilimuombea ashindwe Houston mapema, arudi, na Vernita amfuate kwa huruma. Mungu alisikia ombi hilo akaliweka pembeni.

Siku ya safari nilitoka kuwaaga, nikakuta kile kiti kimekaa nyuma ya gari, kimefungwa mkanda kama abiria.

"Unakwenda na kiti?" nikamuuliza.

"Nikikiacha, kuna mtu atakitumia."

"Houston hakuna theluji, Alonzo."

"Hiyo ni shida yao."

Tangu hapo alinipigia simu kila asubuhi, na kila asubuhi ilikuwa hukumu.

"Dolores, huku hakuna njia ya miguu. Nimetoka kwenda kununua mkate, nikatembea kwenye majani ya watu, gari tatu zimesimama kuniuliza kama nimeharibikiwa. Mtu akitembea huku wanadhani amepata ajali."

"Pole."

"Na wanapunga mikono. Mtu simjui, hanijui, ananipungia. Nikageuka nyuma kuona nani. Hakuna mtu! Ni mimi!"

"Ukafanyaje?"

"Nikaingia ndani nikafunga mlango."

Siku nyingine ilikuwa mende. Alisema mende wa Chicago ana adabu, ukiwasha taa anakimbia. Wa Houston ukiwasha taa anaruka kuja kukuona vizuri. Siku nyingine ilikuwa chakula. Claudine alimpa soseji ndani ya mkate na juu yake akamimina tomato sosi. Kwetu soseji hutiwa haradali, achari, kitunguu na pilipili, lakini tomato sosi ni ya watoto wadogo na watu waliolelewa vibaya.

"Nilisimama, Dolores. Nilisimama mezani pa shemeji yangu."

"Claudine akasemaje?"

"Aliniambia, 'Shemeji, kama unatafuta choo ni mlango wa kushoto.'"

Nikacheka mpaka nikakaa chini. Yeye hakucheka. Kwake hiyo ilikuwa hesabu: Chicago moja, Houston sifuri. Ziwa letu lilipata pointi, maana kule maji yapo mtaroni tu yakisubiri kuingia sebuleni. Treni zetu zilipata pointi mbili. Hata upepo wetu wa mwezi wa kwanza, unaokutoa machozi usiyoyalilia, aliupa pointi, kwa hoja kwamba unamjenga mtu.

Lakini lilikuwepo jambo moja ambalo hakulitaja. Nyuma ya sauti yake kwenye simu nilisikia kinanda. Wiki za kwanza kilikuwa noti moja moja, kama mtu anayejaribu maji kwa kidole cha mguu.

"Nani anapiga?" nikamuuliza.

"Redio," akasema, na akarudi kwenye mende.

Nikajitia hamnazo. Mwezi wa pili ulipoanza, ile redio ilikuwa inapiga kwa mikono yote miwili. Mimi nilisimama jikoni kwangu, dirisha limeganda, nikisikiliza wimbo tuliokuwa tukiuimba kwa kelele kuficha nusu yake, na sasa wote ulikuwepo. Alonzo alikuwa anaendelea kunieleza ubaya wa barabara kuu za Houston, jinsi zinavyopandana kama tambi kwenye sahani. Na mimi nikimjibu ndiyo, ndiyo, kweli kabisa. Hakuna aliyemsikiliza mwenzake. Tulikuwa tunasikiliza redio.

Palikuwa na siku moja tu aliyonipigia akiwa na furaha ya wazi. Umande uliganda asubuhi hiyo Houston, utando mweupe juu ya majani, mwembamba kuliko unga kwenye ubao wa chapati. Mji ukasimama. Shule zikafungwa. Alonzo alitoka na shati la mikono mifupi, akasimama mbele ya nyumba na kikombe cha kahawa, majirani wakimpiga picha kutoka madirishani. Alikaa pale mpaka kahawa ikaganda, na mafua aliyoyapata alisema ni ya mende.

Halafu likaja lile la kiti.

Mvua kubwa ilinyesha wikiendi nzima, na iliposimama mtaa wao ulikuwa umejaa matope na matawi. Mbele ya nyumba yao mtaro ulikuwa umeziba, taka zimerundikana kando ya barabara. Majirani wakatazama kutoka barazani, wakisubiri gari la jiji. Alonzo hakusubiri. Alikuwa hajashika beleshi tangu aondoke Chicago, na nadhani mikono yake ilimwasha. Akaazima beleshi kwa Claudine, akachimba asubuhi nzima. Alitoa matope, akatoa matawi, akazibua mtaro, na alipomaliza palikuwa na mahali safi, penye urefu wa gari moja, panang'aa katikati ya uchafu ule.

Vernita aliniambia baadaye kwamba alimwona mumewe amesimama kando ya lile eneo, jasho linamtoka, anatabasamu peke yake. Hakuwa amemwona akitabasamu tangu wavuke mpaka wa jimbo letu la Illinois.

Kisha ikamlazimu aende dukani. Akalitoa gari, akasimama, akafikiri. Mwili wake ukafanya ulichozoea. Akaingia ndani, akatoka na kiti cha njano, akakisimamisha katikati ya ile nafasi, akaenda zake.

Aliporudi kiti hakikuwepo.

Nilipokea simu siku hiyo mchana, na kwa jinsi alivyokuwa anahema nilidhani Vernita amekufa.

"Wamekichukua!"

"Nani? Nini?"

"Kiti! Cha mama yangu! Nilichimba, Dolores, nikakiweka, na wamekichukua!"

Niliketi. Katika maisha yangu yote nimeona kiti kikisogezwa, nimeona kikipigwa teke na mlevi. Kuchukuliwa, kamwe. Hata wezi wetu wana mipaka.

"Ita polisi," nikamwambia.

"Nimewaita. Wameniuliza kama kiti kilikuwa kimeegeshwa kihalali!"

Simu ikakatika. Haya yaliyofuata nimeyapata kwa Vernita, aliyemfuata nyuma kwa viatu vya ndani akimzuia asije akapigwa.

Alonzo alipita nyumba kwa nyumba. Yule mtu aliyekuwa anafunga mlango akipungiwa mkono, siku hiyo aligonga milango ya mtaa mzima. Kila mlango ulifunguka, kila mtu alimsikiliza, na watu wawili walimpa maji. Kwenye nyumba ya kona, yenye baraza pana, alimkuta mzee mmoja mnene mwenye shanga za dhahabu za plastiki shingoni, anacheza dhumna peke yake, mkono wa kulia dhidi ya mkono wa kushoto. Alikuwa amekalia kiti cha njano.

"Umekaa kwenye kiti changu," Alonzo akasema kutoka barabarani.

Yule mzee, Bwana Guidry, asili yake Louisiana, jirani na Mississippi, akamtazama taratibu. "Basi njoo ukae kwenye changu," akasema, akamsukumia kingine kwa mguu.

"Sitaki chako. Umeiba kiti cha mama yangu!"

"Nimeiba? Ndugu yangu, kilikuwa barabarani. Kitu kikiwekwa barabarani huku maana yake mwenyewe amekitupa, anayekitaka achukue. Nusu ya nyumba yangu nimeipata hivyo. Mke wangu wa pili tu ndiye sikumpata hivyo, na hata yeye sina hakika."

"Sikukitupa! Nilikiweka!"

"Ulikiweka barabarani."

"Ndiyo!"

"Kwa nini?"

"Kulinda nafasi yangu ya gari."

Bwana Guidry akaweka chini dhumna aliyokuwa ameishika. Akautazama mtaa upande wa kushoto, akautazama upande wa kulia. Kila nyumba ilikuwa na njia yake ya gari na gereji yake, na baadhi zilikuwa na gereji mbili. Barabara nzima, kutoka kona mpaka kona, haikuwa na gari hata moja lililoegeshwa.

"Unailinda dhidi ya nani?" akauliza.

Vernita anasema hakuuliza kwa kejeli. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua, huenda kuna adui ambaye yeye hajamwona. Alonzo naye akageuka, akautazama mtaa. Kushoto. Kulia. Vernita alimwona mabega yakishuka. Mzee wa watu alikuwa amechimba nusu siku kupata kitu ambacho kila mtu pale alikuwa nacho tayari bila kukigombania, na akakiwekea mlinzi.

"Mimi natoka Chicago," akasema mwishowe, kwa sauti ndogo.

"Ahaa," Bwana Guidry akasema, kama daktari aliyepewa dalili ya mwisho. "Panda juu, Chicago. Kaa. Kiti chako hiki hapa, mimi nachukua changu. Nimekirekebisha kidogo, nisamehe, kilikuwa kinanitupa."

Alonzo akapanda ngazi, akakaa. Akasubiri kiyumbe. Hakikuyumba. Bwana Guidry alikuwa ameunganisha kipande cha mti chini ya ule mguu mfupi, akakisugua, akakipaka rangi ya fedha. Alonzo akajisogeza kushoto, akajisogeza kulia. Toka utotoni mwake alikuwa akikunja karatasi na kuweka chini ya mguu ule, naye ni fundi.

"Mama yangu alikuwa anasema atakitengeneza," akasema.

"Alikuwa wa wapi?"

"Mississippi."

"Sasa tumekaa kwenye kiti cha mtu wa kwetu," Bwana Guidry akasema, "na unanifokea."

Mke wa Bwana Guidry akaleta mchuzi mzito wa bamia, kamba na soseji juu ya wali. Alonzo akaonja, akamaliza, akaongezwa. Vernita aliondoka akawaacha. Jua lilipozama walikuwa bado wanapigiza dhumna mezani na kutukanana kama watu waliosoma darasa moja.

Asubuhi yake simu ilipolia nilikuwa tayari kwa vita.

"Umekipata?"

"Nimekipata."

"Mwizi umempa vidonge vyake?"

"Si mwizi," akasema. Kisha akaniambia Houston kuna joto sana, na akakata simu mapema. Nikakaa nayo mkononi. Nilijua hapo hapo kwamba tumeanza kuteleza.

Simu zikapungua. Alizopiga zilikuwa fupi na hazikuwa na pointi. Mara moja alianza kunieleza kwamba kambamti wa mtoni wa kule si mbaya ukijua kumvunja shingo, kisha akakumbuka anaongea na nani, akakohoa, akanipa habari za mende. Nikamwambia, "Alonzo, mende umeshaniambia." Akasema, "Huyu ni mwingine."

Kabla tu ya Pasaka nikaona gari lake limesimama mbele ya nyumba. Nilitoka na gauni la kulalia, bila koti, na baridi ya Chicago mwezi wa nne si ya kuchezea. Alikuwa peke yake.

"Vernita yuko wapi?"

"Kule."

Nikamkumbatia. Nasema lililo kweli: nilifurahi, na papo hapo nikaona haya kwa kufurahi. Nilidhani ameshasema neno lake, yaani hapana, na mke amebaki kama alivyoapa, na sasa nitakuwa nampikia mwanaume mkaidi mayai mpaka mmoja wetu afe. Nikamwingiza ndani, nikampa kahawa. Akalalamika kuhusu njia nzima. Akafungua dirisha akavuta hewa ya ziwa, akasema hiyo ndiyo hewa. Nikamkatia mkate, nikampa soseji yenye haradali, akala akiwa amefumba macho.

Halafu nikachungulia nje kwenye gari lake. Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu, mkanda umening'inia.

"Alonzo. Kiti kiko wapi?"

Akafuta mdomo kwa muda mrefu kuliko mdomo ulivyohitaji.

"Nimekiweka."

"Umekiweka wapi?"

"Barazani. Chini ya dirisha analopigia Vernita."

"Kwa nini?"

"Kulinda mahali."

Mimi naye tulijuana. Nikamuuliza lile lile, "Dhidi ya nani?"

"Guidry!" akafoka. "Kila jioni anakuja na kiti chake kumsikiliza mke wangu! Anakaa pale anafumba macho, anatikisa kichwa. Nimewaambia wote wawili, hapa ni mahali pangu, kiti kiko hapa, na nikirudi nisikute hata kitako cha mtoto juu yake."

Nikacheka. Naye akacheka, kisha kicheko kikamwishia kabla yangu.

"Vernita alisemaje?" nikauliza.

"Hakusema kitu. Nilikuwa naingia garini. Nikamwambia nakuja kuuza nyumba. Hakuamini, nilimwona, alidhani nikifika huku nitakwama. Basi nikashuka tena, nikaingia ndani nikakitoa kile kiti, nikakiweka pale." Akazungusha kikombe mezani. "Akakitazama, Dolores. Yeye ni mtu wa Chicago, anajua maana yake. Akaingia ndani, akafungua dirisha, akaanza kupiga. Mikono yote."

Nikamwambia, "Ile redio."

"Ile redio," akasema, na macho yake yakajaa, na yangu pia. Tukasema ni kitunguu cha kwenye soseji.

Nyumba aliiuza kwa mwalimu kijana, mpole, aliyehamia mjini kutoka sehemu ambayo hata jina lake sikulishika. Beleshi Alonzo aliniachia mimi. Aliniambia pia, kwa uzito wa mtu anayeandika wosia, kwamba nafasi yake barabarani ni yangu. Nikamshukuru. Hajawahi mtu mtaani kwetu kumpa mwenzake nafasi iliyochimbwa.

Theluji ya kwanza nzito ilianguka mwezi wa kumi na mbili. Nilitoka na lile beleshi nikachimba mbele ya nyumba iliyokuwa yake, polepole, nikipumzika kila mara kumlaani, mpaka lami ikaonekana kidogo. Nikaleta kiti cha jikoni kwangu nikakisimamisha katikati. Yule mwalimu akawa amefika na gari lake, akateremsha kioo.

"Samahani, Mama Mabry. Gari lako ni lipi, nijue nisiwe nalizuia?"

"Sina gari," nikamwambia.

Akakitazama kiti. Akanitazama mimi na beleshi langu. Nikamtazama na mimi. Kisha akapandisha kioo, akazunguka kona, akaenda kuegesha mbali kabisa, na nikamwona anarudi kwa miguu kwenye theluji, anateleza, ananipungia mkono.

Nikampungia.